Dereva wa Wagombea Watatu

Jamani, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa jibu lake. Fundi Athumani nilimwambia safari ilikuwa nzuri. Mama Chausiku wa gengeni nilimwambia kulikuwa na baridi kali. Mzee wa kanisa nilimwambia Mungu ni mwema. Yote hayo ni kweli, lakini habari yenyewe sikumpa mtu. Habari yenyewe ni kwamba nilikaribia kumwangusha mke wangu wa ndoa kwa neno moja, tena neno ambalo ninyi mnalitamka kutwa nzima bila kumdhuru mtu. Nimeona niandike yote mara moja, mpeane, mcheke mkimaliza.

Mambo ya fomu, picha na mihuri nayaacha. Yalichukua wiki mbili na hayana utamu wowote.

Morogoro hadi Kitonga

Yustina mnamjua, lakini karatasi hii inaweza kufika kwa wasiomjua, basi niseme: ni mke wangu kwa miaka ishirini na mbili sasa, mwalimu wa shule ya msingi, Mbena wa Njombe. Mimi ni Mluguru wa hapahapa, dereva wa malori wa shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa na sisi tukapunguzwa kama manyoya ya kuku. Mwaka huu wa vyama vingi, mwenzangu akasema anarudi kwao kuomba ubunge kwa tiketi ya chama chetu. Sikumzuia. Wala sikumsaidia, na hilo mnalijua, kwa sababu nililalamika mbele yenu pale kwa fundi baiskeli. Nilisema, "Sasa nani atanipikia?" Mlicheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Tuliondoka na basi la alfajiri. Mikumi tulipita bila kuona hata swala, ingawa jirani yangu wa kiti aliapa ameona simba wawili. Kitonga ndiko tulikokwama. Lori la mabati lilikuwa limelala kwenye kona, njia imezibwa kotekote, na kondakta akatuambia ni nusu saa tu. Tulikaa saa nne. Abiria tulishuka, tukala mayai ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, tukala ndizi, tukarudi kwenye mayai.

Yustina alikaa juu ya jiwe na daftari lake la mistari, anaandika atakayowaambia wajumbe. Mimi nilikuwa nahesabu malori yaliyopanga foleni, maana ugonjwa wa udereva hauponi. Nikamwonyesha yaliyokuwa yanapanda. "Yale yenye turubai iliyokunjwa ni matupu. Yanakwenda kwenu kufuata viazi na mahindi."

"Yanapanda matupu kutoka Dar es Salaam?"

"Mengi. Mizigo yake ni ya kurudi nayo."

Aliacha kuandika akaniangalia. "Na mbolea inayotoka bandarini inapandaje?"

"Kwa malori mengine, ya kukodi. Mwenye nayo analipa kwenda na kurudi."

Akaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa. Tangu serikali iondoe ruzuku, mbolea kwao imekuwa bidhaa ya matajiri, na kila mgombea alikuwa anaahidi kuirudisha bei ya zamani. Yeye alikuwa anajua hairudi. Pale kwenye jiwe alipata neno lake: wakulima waungane, wakodi kwa pamoja yale malori yanayopanda matupu, yapande na mbolea. Nilijiona mtu wa maana sana. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba safari hii inanihusu na mimi.

Kitonga hadi Makambako

Kuanzia Ilula, watu walinunua nyanya na vitunguu mpaka basi likanuka kama jiko. Yule jirani wa simba alikuwa amesikia neno "mgombea" na akaniona nimevaa koti. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, hongera. Na mama huyu anakusindikiza?"

"Mimi ndiye ninayemsindikiza," nikamwambia.

Alicheka sana, akasema viongozi wa sasa wana utani. Mpaka anashuka Mafinga alikuwa ananiita Mheshimiwa, na aliniachia ombi la barabara ya kijijini kwao. Yustina aligeukia dirishani mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Makambako tuliikuta na upepo wake. Pale njia panda, lori likienda Mbeya na lori likienda Songea yanapeana mavumbi, na wenyeji wa mikoa yote wanauza vitu vya mikoa yote. Jamaa wa Kondoa wana magari, Wapemba wana maduka, Wakinga wana kila kinachobaki. Tulikula wali na maharage kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekataa kutuachilia mpaka tuongeze mchuzi.

Kando ya pale kulikuwa na magunia ya viazi yakisubiri gari. Mjue kwamba gunia la kule halishonwi linapojaa. Linajazwa, kisha linaongezwa kilima juu, kilima kinafungwa kwa wavu wa kamba, na hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Yustina alisimama mbele ya gunia lililomzidi urefu, mikono kiunoni, uso umebadilika.

"Baba Neema, hiki ulichokiona juu ya gunia ni ada ya shule ya mtoto wa mtu."

"Twende, gari la Njombe linajaa."

"Mizani. Mizani kila penye mnunuzi. Nikipewa nafasi ya kusema neno moja tu, nitasema hilo."

Alikuwa amelisema hilo nyumbani mara nyingi na mimi nikiitikia huku nasoma gazeti. Siku ile nilimsikiliza.

Makambako hadi Njombe

Njombe mwezi wa saba ni jokofu. Tulifikia kwa kaka yake, Mjimwema, ambako moto wa kuni za miwati hauzimwi sebuleni. Nilipewa blanketi mbili na viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na nilivila kwa wingi wa kutia aibu, kwa sababu kila nilipomaliza sahani, shemeji alisema, "Mkwe wetu amekula kama ndege," akaongeza.

Kibena changu, nawaungamia, kinaishia kwenye "kamwene," yaani salamu. Miaka yote tumezungumza Kiswahili nyumbani, na wakwe walinionea huruma wakaongea Kiswahili nami. Hili mliweke akilini.

Utaratibu wa chama ni huu. Wagombea wote wa nafasi moja wanapandishwa gari moja, wanapelekwa kwa wajumbe wa kila sehemu, kila mmoja anapewa muda sawa, wanakula chungu kimoja, na mwisho wajumbe wote wanakutana mahali pamoja kupiga kura za maoni. Walikuwa watatu. Mzee Mwalongo alikuwa ofisa wa serikali mstaafu, mguu mmoja mbovu, sauti nzito, mtu anayeheshimiwa nchi nzima ile. Ndugu Festo alikuwa kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe, na baada ya tope la siku ya kwanza sikumbuki alichosema tena. Wa tatu ni mwenzangu.

Asubuhi ya kuondoka, dereva wa chama akawa hoi kwa kuharisha. Katibu, mwembamba, mkali, mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuja Mjimwema kuuliza kama ni kweli mume wa mwalimu ni dereva. Nikasema ni kweli. Akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Nitakupa gari kwa sharti moja. Mdomo. Wewe ni usukani tu. Mgombea ambaye mtu wake wa nyumbani ataonekana anampigia kampeni katika msafara huu, jina lake nalikata. Sitauliza mara mbili."

"Katibu, mimi hata kwangu siongei sana."

Yustina, aliyekuwa nyuma yangu, alikohoa.

Njombe hadi Kidugala

Lile Landrover lilikuwa na umri wa mtoto wangu wa kwanza na tabia zake. Gia ya pili ilikuwa inatoka yenyewe, ikabidi niishike kwa goti. Mzee Mwalongo alikaa mbele kwa ajili ya mguu, na njia nzima alinieleza habari za kila mto na kila mlima, nikampenda. Nasema kweli, nilimpenda. Ungekuwa hujui anagombea na mkeo, ungemwomba awe msimamizi wa harusi.

Tulichelewa mara mbili: kwanza ukungu, hatuoni pua ya gari, halafu ng'ombe waliokataa daraja. Tulipofika Kidugala wajumbe walikuwa wamejaa darasani, wamejifunga mashuka. Mimi nilibaki nje na boneti wazi, masikio ndani.

Mzee aliongea kwanza. Aliahidi mbolea ya bei ya zamani, wakapiga makofi. Festo aliahidi simu. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, na nawaambia, hiyo si sauti inayoniambia nitoe takataka. Alisema, "Wazazi wangu, bei ya zamani siwaahidi. Nikiwaahidi nitakuwa nawadanganya, na mimi ni mwalimu, nimezoea kuchapa waongo." Kicheko. Akawaeleza malori matupu. Akawaeleza mizani. Akasema wasichana wao wanaosoma sekondari wanapanga vyumba mitaani peke yao, na baadhi wanarudi nyumbani na mimba badala ya cheti, na kwamba ataanza na mabweni kabla ya simu. Hapo wanawake wakaitikia kwa sauti ya chini, ile ya kanisani. Nilisimama na kitambaa cha grisi mkononi, boneti nimeisahau kwa fahari.

Baadaye waliniletea chakula pale kwenye gari: ugali, maharage, na kuku wa kienyeji mwenye misuli. Waliokileta walikuwa wajumbe wazee, wanne au watano, wakiongozwa na bibi mmoja mfupi aitwaye Bibi Anyesi. Nikanawa, nikawasalimu kwa heshima zote, "Kamwene!" Wakafurahi kupita kiasi. Mkwe anajua Kibena! Wakakaa kwenye nyasi kunitazama nikila.

Bibi Anyesi akaniuliza, "Mkwe, huna neno la kutuambia?"

Hapo, ndugu zangu, shetani akakaa kwenye ulimi. Nilitazama kushoto, Katibu hayupo. Nilitazama kulia, hayupo. Nikasema taratibu, kwa ujanja wangu wote, "Sina neno, mama zangu. Ila msimsahau dada yenu."

Wakatazamana. Kisha wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Mzee Mwalongo, aliyekuwa ameketi kibarazani ananyoosha mguu. Bibi Anyesi akaitikia kwa kichwa polepole, akaniambia, "Hatutamsahau."

Nilidhani wanaangalia kama Mzee amesikia. Nikamalizia kuku wangu kwa amani, najiona mjanja kuliko sungura.

Kidugala hadi Kitandililo

Maneno ya kule yana miguu myepesi kuliko Landrover. Tuliamka kesho yake tukaelekea Kitandililo, na kila tulipopunguza mwendo kwenye nyumba za watu nilipungiwa mkono mimi, dereva. Katibu alinigeukia akaniambia mbele ya wote, "Wewe ni mwanamume wa haki. Sijaona mfano wako." Sikujua kwa nini, lakini sifa hairudishwi.

Kitandililo, baada ya mkutano, Mzee Mwalongo alichechemea mpaka kwangu na jogoo mwekundu kwapani, miguu imefungwa. Akanikabidhi. "Mwanangu, sikukutuma. Lakini mtu akikuheshimu hivyo, huwezi kukaa kimya. Mungu akuzidishie."

Nilishukuru, nikamweka jogoo nyuma ya kiti. Nilipoinua macho nikamwona Yustina amesimama kwenye mti wa mpichi, ananingoja. Uso wake mliuona siku ile Neema alipofeli. Ulikuwa huo, na zaidi.

"Uliwaambia nini Kidugala?"

"Mimi? Sikusema kitu."

"Baba Neema."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kunong'ona na kwa kujivuna kidogo, kwamba nilikuchomekea maneno mawili, mke wangu, hata Katibu hakusikia.

Alifumba macho. "Dada," akasema. "Uliwaambia wasimsahau dada."

"Ndiyo. Si ni wewe?"

"Kwa Kibena dada ni baba."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kama anavyowaeleza watoto wa darasa la pili. Niliwasalimu kamwene, wakajua naongea Kibena. Nikasema wasimsahau dada yao. Pale kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuitwa baba yao, ameketi kibarazani na mguu wake. Sasa tarafa nzima inasema mume wa yule mwanamke, mtu anayelala naye kitanda kimoja, amewaomba wazee wampe kura Mzee Mwalongo. Wanawake waliokuwa wameshamwitikia wameanza kuuliza ana kasoro gani ambayo mumewe anaijua.

Nilisikia jasho katika baridi ile. "Nakwenda kuwaeleza sasa hivi."

"Utaeleza nini? Kwamba ulikuwa unanipigia kampeni mimi? Katibu atakata jina langu kabla hujamaliza sentensi."

Ndivyo ilivyokuwa. Nikinyamaza, anashindwa. Nikisema, anafutwa. Nilitafuta njia ya tatu sikuiona, na jogoo akawika.

Yustina alinitazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nikuulize kitu, unijibu ukweli. Ulikosea, au ulitaka?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijajibu Katibu alipiga filimbi ya kuondoka, na Yustina akaenda kupanda gari. Najua nilikuwa na jibu. Lakini najua pia kwa nini aliuliza. Mtu amelalamika miezi mitatu mbele ya fundi baiskeli nani atampikia, halafu neno lake moja linamwangusha mkewe. Na mimi ningeuliza.

Kitandililo hadi Makambako

Ni mwendo mfupi, lakini sijawahi kuendesha safari ndefu kiasi kile. Nyuma Yustina alikuwa amefungua daftari lake, hageuzi ukurasa. Mzee Mwalongo alijaribu kunieleza habari za mlima, nikaitikia "ee" kila mahali, hata pale aliponiuliza swali.

Ukumbini Makambako wajumbe walikuwa wamefika kutoka pande zote, wengine kwa trekta, wengine juu ya magunia. Wagombea walikaa mezani. Mimi niliambiwa nikae nje, nikasimama dirishani.

Wakati wa maswali alisimama Haji Mbaruku, mfanyabiashara wa viazi mwenye malori, Mrangi wa Kondoa aliyezeekea Makambako. Akasema kwa upole wa mtu aliyenoa kisu, "Mwalimu, mizani yako itatufungia maduka. Mimi nalipa dereva, nalipa utingo, nalipa mageti ya ushuru. Ile lumbesa ndiyo inayonirudishia."

Yustina akamjibu, "Haji, gari lako likipanda kutoka Dar linabeba nini?"

"Upepo," akasema mtu nyuma, ukumbi ukacheka.

"Nikikupa mbolea ya kupanda nayo, utakuwa umelipwa safari mbili. Utahitaji tena kofia ya gunia la mama yangu?"

Haji alikaa, akashika ndevu. Alionekana anapiga hesabu.

Ndipo akasimama Bibi Anyesi. Alivua shuka kichwani kwanza. "Mwanangu, maneno yako ni matamu, mizani tumeipenda. Lakini mumeo mwenyewe alituambia tusimsahau dada. Mtu anayekula chungu chako amekukataa. Tueleze sisi wazazi wako, amekukatalia nini?"

Katibu akageuza shingo kuelekea dirishani, moja kwa moja kwenye macho yangu. Yustina alisimama. Angeweza kusema "mume wangu hajui Kibena" na yote yangekwisha, pamoja na jina lake. Nilimwona anatafuta maneno ambayo hayapo, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, na sikuweza kuvumilia. Nikaingia kwa mlango wa mbele na kitambaa changu cha grisi.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi ni Mluguru. Kwetu, na huko mjini kote, dada ni ndugu yako wa kike. Nilimaanisha huyu hapa. Nilivunja sharti la Katibu. Mkinikata, nikateni mimi, yeye hakunituma."

Mzee mmoja akayatafsiri maneno yangu kwa Kibena kwa sauti kubwa, na ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka wengine wakashikilia madawati. "Anamwita mkewe baba!" walisema. Bibi Anyesi alikuwa anajifuta machozi kwa shuka. Mimi nilisimama pale nimeloa aibu.

Katibu hakucheka. Alichomoa kalamu. "Amekiri. Kampeni katika msafara. Kwa mujibu wa utaratibu…"

"Katibu, ngoja." Alikuwa Haji Mbaruku, tena amesimama. Huyo bwana, nilikuja kuambiwa, anapenda kesi kuliko chakula. "Kosa ni kampeni, sawa. Aliyefanyiwa kampeni ni nani?"

"Mkewe. Amesema mwenyewe."

"Hayo ni ya moyoni mwake. Waliosikia walisikia nani? Bibi, ulisikia nani?"

"Mzee Mwalongo," akasema Bibi Anyesi.

"Na nani amevuna? Nani ametoa jogoo?" Sijui habari za jogoo zilimfikiaje. "Basi kampeni ni ya Mzee. Ukikata jina, kata la Mzee."

"Mimi sikumtuma!" Mzee Mwalongo aliruka, mguu na yote.

"Hata mwalimu hakumtuma," akasema Haji.

Katibu alitazama karatasi yake, akamtazama Mzee, akamtazama Yustina. Kalamu ilibaki hewani muda mrefu, kisha akairudisha mfukoni taratibu, pamoja na mwenzake. "Dereva," akasema, "rudi kwenye gari."

Niligeuka. Bibi Anyesi akanizuia kwa mkono. "Bado. Mkwe, kule ulisema kwa bahati mbaya. Sasa sema kwa kukusudia. Unamtaka awe mbunge, au humtaki?"

Katibu alinyanyua mkono kukataza, lakini wanawake wakasema "Aseme!" naye akaushusha.

Ningeweza kusema "namtaka" nikaenda zangu. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno ya ujanja. "Nilikuwa simtaki," nikasema. "Naogopa nyumba tupu. Nililalamika miezi mitatu, muulizeni. Lakini Kidugala nilimsikia akiwaambia ukweli ambao wenzake hawakuwaambia, nami nikawa nataka ashinde kuliko ninavyotaka chakula cha jioni. Ndiyo maana ulimi ukateleza."

Sikumtazama Yustina. Nilitoka nje nikakaa kwenye bampa, nikamfungua jogoo kamba akimbie, kwa sababu sikumstahili. Alikataa kuondoka, akakaa chini ya gari.

Walipiga kura, walihesabu, na nilisikia vigelegele vya wanawake kabla sijasikia jina. Halafu nikasikia jina la mke wangu. Nililia, nasema wazi, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kuishi maisha yangu yote nikiwa mtu aliyemharibia.

Mzee Mwalongo alikuja kunishika mkono. Alikuwa ameshindwa, na uso wake ulionyesha, lakini alisema, "Jogoo ni wako bado. Mimi nilikuwa nimemtoa kwa mtu mwenye haki, na huyo nimemwona leo."

Makambako hadi nyumbani

Yustina alibaki. Kampeni za uchaguzi mkuu zinaanza, dereva wa chama amepona, na Neema ana shule. Kwa hiyo mimi ndiye niliyerudi.

Asubuhi ile stendi ilikuwa na vumbi na kelele kama kawaida. Hatukuwa tumepata nafasi ya kuzungumza wawili tu tangu ukumbini, kila saa kuna mjumbe, kuna mgeni, kuna shemeji. Nilikwishapanda, basi limewashwa moto, utingo anapiga bodi, ndipo nilipomwona anapenya kati ya wauza karanga na mashuka, khanga begani, watu wawili wa chama wakimkimbilia nyuma. Akasimama chini ya dirisha langu, akanyoosha mkono nikaushika.

"Sikukujibu," nikamwambia. "Kule Kitandililo uliniuliza, sikukujibu."

"Ulinijibu mbele ya watu wote." Basi lilianza kusogea, akatembea nalo, mkono bado mkononi. "Ulikosea tu, mume wangu. Najua. Ulikosea tu."

Kisha akaachia, maana wale wawili walikuwa wameshamfikia na kuna mkutano mahali. Nilikaa. Jirani yangu wa kiti, mama mwenye kapu la mapichi, aliniuliza yule ni nani yangu. Nikamwambia ni mke wangu, anagombea ubunge, na nikasema mara mbili ili asielewe vibaya.